Mikono Iliyompumulia Tonton Bosenge

Ninyi wenzangu wa darasa la jioni pale Kabondo, Kisangani, tangu nirudi mmeniuliza habari hii mpaka mate yamenikauka. Kila ninayekutana naye njiani anashusha mguu mmoja kutoka kwenye baiskeli na kuniita kwa jina langu la utani: "Diplome, ni kweli ulimufufua mutu?" Hapana. Sikufufua mtu. Naandika mara moja ili nipumzike, na mama Sakina, ambaye mtamjua hapa chini, amenionya nisitie chumvi. Nitajaribu. Lakini mnanijua: mkono wangu ukishika chumvi hutetemeka.

Yanonge, kabla ya chai

Mnakumbuka nilikwenda Yanonge, chini ya mto, kuwaonyesha wakwe zangu diploma. Niliitia ndani ya nailoni, nikaizungushia kitambaa, nikailalia kama mto. Mtu niliyetamani sana aione ni tonton Bosenge, yaani ami Bosenge, mdogo wake baba mkwe wangu, mpiga lokole wa kijiji. Kwa yule asiyejua, lokole ni gogo lililochimbwa tumbo, na chini ya mikono ya tonton linasema. Anaweza kumwita mtu kwa jina lake, kwa jina la baba yake na kwa kosa alilolifanya mwaka juzi, na mtu huyo, akiwa vijiji vitatu mbali, akaona haya palepale. Hiyo si chumvi. Ulizeni.

Asubuhi ile alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Mkono uliingia kwenye rundo, na swila mweusi wa msituni alikuwa amelala humo. Urefu wake ulikuwa kama pirogi, mtumbwi wetu wa mtoni. Haya basi, kama fimbo mbili. Tonton alirudi kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kiganja, anacheka.

"Bokilo, mkwe wangu, ile diploma yako inasema nini juu ya nyoka?"

Maji ya chai hayajachemka, kope zake zikaanza kushuka. Akawa ananitazama kwa kuinua kidevu, kama mtu aliyevaa kofia ya mtu mwingine. Halafu ulimi ukawa mzito. Halafu mate yakaanza kumtoka, kwa sababu koo lilikuwa limesahau kumeza. Hapo kicheko kiliisha, na tukambeba mbio hadi dispensari.

Mama Sakina ndiye muuguzi wa pale. Ni mtu wa Kasongo, kule Maniema, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hujawahi kuisikia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza umeshatii. Miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha upasuaji Kisangani, kabla ya kumfuata mumewe huku mtoni. Kutoka huko alikuwa na kitu kimoja anachokitunza kama mboni ya jicho: ballon, mfuko mweusi wa mpira wenye kinyago cha kufunika mdomo na pua. Ukibonyeza, hewa inaingia kifuani mwa mgonjwa. Ukiachia, mfuko unajijaza wenyewe.

Hakuugusa bado. Alimwambia tonton, "Vuta pumzi moja, uhesabu nayo mupaka iishe."

Tonton alifika kumi na mbili. Baada ya kitambo, saba. Baada ya kitambo kingine, nne. Mama Sakina akasimama.

"Dawa ya huyu nyoka haiko hapa, iko Kisangani. Na mashine ya kupumulia iko Kisangani. Donc, tunamupeleka."

Mimi nikauliza, "Na kama pumzi yake itaisha njiani?"

"Njo hapo tutamupa yetu."

Mtoni, na wazo langu zuri

Barabara mvua ilikuwa imekwisha kuila, kwa hiyo tulipanda pirogi ya mota ya Lifoli, kijana mnene asiyesema sana, ambaye tonton alimfundisha mto wote. Tulimlaza tonton juu ya mkeka. Mama Sakina alitaka kitu cha kumwinua mabega ili shingo inyooke na njia ya hewa ifunguke. Aliangaza macho, akanyakua furushi langu, diploma na shati ndani yake, akalisokomeza chini ya mabega ya mgonjwa.

Hatujapoteza Yanonge machoni, tonton alihesabu mbili. Halafu alihesabu kwa midomo tu. Halafu kifua kikatulia.

Jamani, mnakijua kimya cha mota inayonguruma? Mimi nilikisikia siku ile.

Mama Sakina alipiga magoti kichwani pake, akainua taya, akabana kinyago usoni kwa vidole vyake vyote kumi. "Diplome. Shika mufuko. Bonyeza. Acha. Moja, mbili, tatu. Bonyeza."

Nikabonyeza kwa nguvu zote za ukoo wetu.

"Citoyen! Wewe raia, hii si tairi ya baiskeli! Ukiharakisha hivyo hewa inaenda ku tumbo, anatapika, anakufa na matapishi yake. Usiangalie mufuko. Angalia kifua. Kikipanda, inatosha."

Nikaangalia kifua. Nikabonyeza polepole, na kile kifua kilichokuwa kimelala kama ubao kikapanda. Nikaachia, kikashuka. Nimesoma fizikia jioni ngapi na ninyi, tumechora mapafu ubaoni kwa chaki ya rangi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pumzi ya mtu inaweza kukaa katikati ya kiganja chako, laini, yenye uzito wa ndizi mbivu.

"Tonton," mama Sakina alimwambia sikioni, "sumu imefunga nyama za mwili, haikufunga masikio. Kama unasikia, cheza kidole ya muguu."

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Mara mbili!

Tangu hapo kidole kile kilikuwa ndiyo dira yangu.

Jua lilipopanda, liliangukia uso wa tonton moja kwa moja, na macho yake hayakuweza kujikinga. Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi. Nilimwambia Lifoli asogeze ukingoni, akate matawi ya mchikichi tujenge kivuli. Lifoli alinitazama kwa muda. Akavua kofia. Alikata matawi mengi mazuri, akayasimamisha pande zote mbili za pirogi, na uso wake ulikuwa umelowa. Nilidhani ni jasho.

Kijiji cha kwanza chatupokea

Wale mliozaliwa mtoni mmeshaanza kucheka. Mimi ni mtoto wa watu wa Maniema, nimekulia Kabondo, sikuwa najua. Mtoni, pirogi iliyosimamishiwa matawi ya mchikichi inabeba maiti.

Tulisikia lokole kwanza, likitoka ukingoni na kukimbia mbele yetu juu ya maji. Halafu tukaona wanawake wanaingia mtoni mpaka kiunoni, wanalia, mikono kichwani. Wakashika pirogi, wakamtambua aliyelala. Wakaivuta.

"Bosenge wetu! Bosenge we! Nani atatuita tena?"

"Hajakufa!" nikapiga kelele, huku nabonyeza.

"Pole, bokilo," mzee mmoja akanijibu kwa huruma. "Wakwe wanasemaka vile siku ya kwanza."

Kumbe desturi yao haikubali mpiga lokole apite mbele ya kijiji bila kuliliwa. Walitaka tushuke, tukae, viletwe viti. Nikamgeukia Lifoli atusaidie kueleza. Lifoli alikuwa analia kuliko wanawake wote.

"Lifoli! Wewe si unaona tunampumulia?"

"Nilifikiri amekwisha kufa," akasema kwa kwikwi, "na ninyi watu wa kusoma munaendelea tu."

Chini huko kidole cha mguu kilikuwa kinacheza kwa hasira kama samaki juu ya ubao. Hakuna aliyekiona ila mimi.

Mama Sakina hakupandisha sauti. Kinyago hakukiachia. Alimwambia bibi aliyelia kwa sauti kubwa kupita wote, koko Ifaso, mfinyanzi wa vyungu, "Koko, weka mukono hapa ku kifua." Koko akaweka, analia bado. Nikabonyeza. Kifua kikapanda chini ya mkono wake.

Kilio kilikatika katikati ya neno. Wanawake wengine wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, mpaka yakabaki maji tu yakigonga mbao. Koko Ifaso alisubiri mbonyezo mwingine. Kikapanda.

"Nani anamupumuisha?"

"Huyu kijana."

Aliangalia vidole vyangu. Vilikuwa vimevimba kama kwanga, mkate wa muhogo. Haya, vilikuwa vyekundu.

"Huyu amechoka. Sogea, mutoto."

Akaingia ndani ya pirogi na maji yake, akapokea mfuko. Mama Sakina alimwonyesha mara tatu. Mara ya nne koko alibonyeza kama anayetwanga ndizi za lituma, polepole, akienda mpaka mwisho, na uso wa tonton, uliokuwa umeanza kuwa na rangi ya majivu chini ya mikono yangu, ukarudisha damu. Sikuona wivu. Niliona haya kidogo, halafu nikaona ajabu.

Tuling'oa matawi yote tukayatupa. Lakini mpiga lokole wa pale alikuja ameshika vijiti vyake, amefadhaika.

"Nimeshatuma kifo. Kimeshapita vijiji vitano."

"Kirudishe!" nikasema.

"Lokole hairudishi neno, bokilo. Inatuma lingine linalikimbilia."

Tulipokuwa tunasukuma pirogi kuondoka, tulimsikia analituma. Koko Ifaso alinitafsiria bila kukosa hata mbonyezo mmoja: Bosenge hajafa. Pumzi yake iko mikononi mwa watu. Leteni mikono.

Mota inakufa, mto unaamka

Jua lilikuwa limepita kichwani wakati propela ilipogonga gogo. Kitu kikavunjika, mota ikalia kama mbuzi na kunyamaza. Lifoli aliinama juu yake, akatoa kipande cha chuma, akakitazama, akakitazama tena.

"Basi," akasema.

Mto wetu mnaujua. Hausubiri mtu. Tukaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea Yanonge. Kasia lilikuwa moja. Mama Sakina, mgongo umepinda, vidole kumi usoni pa tonton, hakuinua hata kichwa.

Nikaangalia kidole cha mguu. "Tonton, cheza."

Hakikucheza.

"Tonton!"

Hakuna. Mikono yangu, iliyokuwa na zamu ya mfuko, ikasimama yenyewe.

"Bonyeza," akasema mama Sakina.

"Mama, kidole..."

"Kidole kimelala. Minashika mushipa wa shingo hapa na kidole yangu ya mwisho, moyo iko unapiga. Bonyeza, Diplome. Ukitaka kulia, lia, lakini lia na mikono ikitumika."

Nililia na kubonyeza. Ili nisisikie ule kimya nikaanza kumsimulia tonton habari: shule, mwalimu wetu, taa iliyokuwa ikizimika, na mamba niliyemwona siku moja nyuma ya soko ambaye ukubwa wake... mnaikumbuka habari ya mamba.

Hapo koko Ifaso akanyoosha mdomo kuelekea juu ya mto. Pirogi. Moja, halafu tatu, halafu sikuhesabu tena, mto ulikuwa mweusi kwa pirogi kutoka ukingo mpaka ukingo! Mama Sakina anasema zilikuwa tisa. Sawa, tisa. Wengine waliondoka kwao kwa neno la kwanza, wamejipaka udongo mweupe wa msiba, na chakula cha msiba vyunguni. Wengine waliondoka kwa neno la pili na hawakuwa wamebeba kitu ila mikono. Walikuwa wameshagombana njiani kama mtu amekufa au hajafa.

"Iko wapi maiti?"

"Haiko maiti, iko mugonjwa!"

"Alors, tunalia ao tunapiga kasia?"

"Pigeni kasia!" akasema koko Ifaso. "Kulia munaweza kufanya kesho, bwana!"

Wakafunga kamba. Wakapiga kasia na wimbo, na pirogi ikasimama, ikafikiri, ikaanza kupanda mto. Angalieni jambo hili, wenzangu. Kama nisingesimamisha yale matawi ya upumbavu, hakuna mtu angejua kwamba tunapita, na mto ungeturudisha Yanonge na maiti ya kweli.

Kila kijiji mtu mmoja alihamia kwetu kupokea mfuko. Mvuvi mwenye viganja kama nyavu. Mama mmoja muuza chumvi wa Kivu, anayesali rozari kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi aliyehesabu kwa sauti kama yuko darasani. Wote mama Sakina aliwafundisha kwa maneno yaleyale: usiangalie mufuko, angalia kifua. Mfuko ulibadilisha mikono kumi na kitu. Kinyago hakikubadilisha. Nilimwomba apumzike. "Kushika uso si kazi ya kufundisha mutu mu pirogi," akasema, "hewa ikivuja pembeni, munabonyeza bure." Mara kwa mara alimgeuza tonton ubavu, akavuta mate kwa bomba la sindano lenye mrija, akamrudisha, akabana tena. Mimi nililishwa mdomoni na koko Ifaso, samaki wa liboke, aliyeivishwa ndani ya majani, na kwanga, huku nasubiri zamu yangu. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kula chakula cha msiba pamoja na marehemu.

Bandarini, bendera inashuka

Tuliona Kisangani jua likiwa jekundu. Vijana walimbeba tonton na mkeka wake, wakamweka juu ya pusupusu, mkokoteni wa kubebea samaki. Zamu ilikuwa yangu. Mama Sakina upande wa kichwa, mimi ubavuni. Tumepiga hatua kumi, filimbi ikalia.

Mnajua. Bendera inashuka, na kila raia asimame. Bandari nzima ikasimama kama picha: mama na beseni lake kichwani, mpagazi na gunia mgongoni, mtu wa baiskeli mguu chini. Hata mbwa, naapa, alisimama. Mimi nami nikasimama, mwili umezoea tangu utoto. Na mikono yangu ikasimama.

"Diplome," sauti ndogo ikasema. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Katika bandari yote mkono mmoja tu ulikuwa unacheza, na mkono huo ulikuwa wangu. Jandarme, yaani askari, akaja, buti zake nazisikia bila kugeuka.

"Citoyen! Hauone bendera?"

Nikabonyeza. Aliyejibu ni mama Sakina, akiwa ameinama vilevile:

"Chef, bendera ikishuka, kesho asubuhi inapanda. Huyu mutu akishuka, hapandi tena."

Jandarme akasogea. Aliangalia mfuko, akaangalia kifua kikipanda, kikishuka. Kilipanda mara tano kabla bendera haijafika chini, nadhani, na mara hizo tano zilikuwa ndefu kuliko darasa zima la hesabu. Filimbi ya pili ililia. Alinitazama vidole.

"Toka," akasema. Nikajua nimekwisha. Kumbe alikuwa anavua saa yake. Akaitia mfukoni, akapokea ballon. "Ninafanya namna gani, mama?"

"Usiangalie mufuko, chef. Angalia kifua."

Alibonyeza kwa mwendo wa gwaride, kushoto, kulia, kupanda mlima wote mpaka hospitali, filimbi mdomoni, na njia ikafunguka mbele yetu kama shuka linalopasuliwa.

Hospitali

Daktari aliuliza amekaa hivi tangu saa ngapi. Mama Sakina akamwambia. Akauliza tena, akadhani hakusikia vizuri. Halafu mashine ilisogezwa, mrija ukaingia kooni, dawa ikaanza kutiririka, na kifua cha tonton kikapanda bila mkono wa mtu.

"Unaweza kuachia sasa, mama," daktari akasema.

Mama Sakina aliondoa kinyago. Vidole vyake vikabaki vilevile, vimepinda kwa umbo la uso wa tonton. Alivitazama kama vya mtu mwingine. Koko Ifaso aliomba maji ya moto, akakaa naye chini sakafuni, akavinyoosha kimoja kimoja, kama afanyavyo na udongo wake. Mlangoni wapiga kasia na jandarme walikuwa wamejaa, na hakuna aliyesema neno. Mimi pia. Andikeni siku hiyo.

Sahani ya bati

Kidole cha mguu kiliamka siku ya pili. Siku ya nne mrija ulitolewa. Siku ya tano tonton alikuwa amekaa kitandani, sauti kama mchanga, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili:

"Yule wa kijiji cha kwanza alipiga kifo changu vibaya sana. Amesahau jina la mama yangu."

Alisikia yote. Hata wakati kidole kililala. Diploma yangu aliniomba aione, nikamwonyesha: doa kubwa la mate, yaliyopenya hata nailoni, katikati, juu ya mhuri. Akaitazama sana. "Nilikuuliza inasema nini juu ya nyoka," akasema. "Imejibu."

Halafu akaomba sahani ya bati na kijiko. Mama Sakina alikuwa amekaa pembeni, mikono imefungwa kwa kitambaa. Tonton akagonga polepole, pigo zito, likafika mpaka mwisho. "Koko Ifaso." Akagonga kwa utulivu kama anayevuta wavu. "Mvuvi." Akagonga na kusita, akagonga na kusita. "Yule wa rozari." Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kila mtu chumbani akacheka, hata wagonjwa wa vitanda vingine: jandarme. Mtu huyu alikuwa amelala kama gogo mchana kutwa, haoni, hawezi kumeza, na alikuwa ameweka moyoni kila mkono kwa mwendo wake.

"Na huyu je?" Akagonga haraka, haraka, haraka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusikia joto masikioni, kisha haraka tena. "Huyu ni bokilo wangu. Pale aliponyamaza, mamba alikuwa anafika urefu wa soko. Mutoto, ulininyima hewa kwa sababu ya mamba asiyekuwako!"

Nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake.

"Na mama Sakina?" nikauliza. "Umemsahau?"

Tonton aliweka kijiko chini. Akalaza kiganja chake juu ya sahani, taratibu, akakiacha hapo. Tulingoja pigo. Hakugonga.

"Huyu hana pigo," akasema. "Wote muligonga. Yeye njo muti wenyewe wa lokole."

Na hakukiondoa kile kiganja. Chumba kizima tulikaa tukikitazama, na nilisikia watu wote humo ndani wanapumua.